Litang'oka Lenyewe

Hapa Tulia, Kitui, mtoto ni wa wazazi wake hadi siku jino litakapomuuma. Kuanzia hapo ni wa soko zima. Muuza mboga humshika kidevu, akampanua kinywa kama mnunuzi anayekagua mbuzi, kisha akatoa hukumu: "Hilo ni la maziwa. Litang'oka lenyewe." Fundi wa pikipiki naye huja na mikono yake ya oili, akachungulia, akaafiki. Mzee mpita njia huuliza kuna nini, na bila hata kuchungulia husema vivyo hivyo.

Kitinda mimba wangu, mwenye miaka mitano, alikuwa muumini mkubwa wa mafundisho hayo. Meno ya maziwa ni 20, na kwa kuwa yote yataondoka, hakuna anayeona sababu ya kuyagharimia. Tatizo ni ratiba. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba, lakini magego huweza kukaa hadi miaka 10, hata 12. Gego linalotoboka mtoto akiwa na miaka mitano lina muda wa kutosha kuwafahamu majirani wote kwa majina, hasa usiku.

Maana gego hili halikuwahi kuuma mchana. Mchana mwenyewe alikuwa anakula mabuyu, midomo myekundu hadi puani, akikimbia kuliko mbwa wetu. Maumivu yalisubiri matatu zilale, maduka yafungwe, na mimi nianze kukoroma.

Susu, yaani bibi yake, ndiye aliyeanza matibabu. Alileta karafuu, na kwa hilo hana lawama: mafuta ya karafuu yana eujenoli, dawa ambayo hata madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Ila karafuu ni chungu, na mtoto hana subira ya daktari. Aliitafuna, akaitema kwenye shati langu la Jumapili, kilio kikaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Susu akatikisa kichwa. Baba yake mzazi, alitukumbusha, alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kama ilivyokuwa desturi ya Wakamba wa zamani, tena kwa patasi, wala hakutoa hata "ai!" Mwanangu alisikiliza historia hiyo hadi mwisho, kisha akalia kwa niaba ya babu yake pia.

Asubuhi fundi wa pikipiki akashauri tone la maji ya betri, liue mdudu. Mdudu wa jino hayupo. Waliopo ni bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Tena jino la maziwa lina gamba jembamba kuliko la mtu mzima, kwa hiyo hutoboka upesi. Fundi alikuwa anapendekeza tutibu asidi kwa asidi kali zaidi, itakayounguza ufizi, ulimi na koo. Nilimshukuru kwa adabu, nikapeleka pikipiki yangu kwa fundi mwingine.

Tukapanda matatu kwenda Kitui mjini. Hatujafika mbali, makanga alikuwa ameshaomba kuliona jino. Abiria wakagawanyika makundi mawili: wanaotaka ling'olewe na wanaotaka liachwe. Mama mmoja mwenye kuku mapajani akasema la kwake liliachwa, na tazama. Tukatazama. Kundi la kuliacha likapoteza wafuasi.

Tuliposhuka, mgonjwa akatangaza kwamba amepona. Jino lilipona pale pale stendi, bila dawa, akaomba turudi nyumbani.

Kliniki ilikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na mashine inayolia kwa ndani. Kila ilipolia, watoto walisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Zamu yetu ilipofika, stima ikapotea. Mwanangu alipiga makofi. Daktari, mama mpole mwenye mikono ya haraka, hakushtuka. Alitoa vijiko vidogo vya chuma, akasogeza kiti dirishani, akaniambia nishike kichwa cha mtoto.

"Kuna njia isiyohitaji stima," akasema. Njia yenyewe, akanieleza huku akikwangua uozo taratibu, ilianzia hapo jirani Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala mashine: unaondoa uozo kwa mkono, unaziba tundu kwa saruji ya meno inayotoa floridi. Mara nyingi hata sindano haihitajiki.

Ni neno "sindano" lililonimaliza. Nilisikia sauti yake ikitoka mbali: "Baba, wewe keti chini. Kijana wangu, mshikilie baba mkono." Kijana akanishikilia.

Gego likazibwa. Kwa nini asiling'oe tu, nikauliza nikiwa sakafuni. Akasema jino la maziwa linashikilia nafasi ya mwenzake ajaye. Likitolewa mapema mno, ya jirani huinamia pengo na la ukubwani huota limepinda. Tena akaonya kuhusu gego la kwanza la ukubwani, linaloota nyuma kabisa karibu miaka sita bila kung'oa lolote, na wazazi wakadhani ni la maziwa. Nikamkumbuka binti yangu mkubwa, ambaye gego lake soko liliwahi kulipitisha kwa kauli moja kwamba litang'oka lenyewe. Lingali linasubiriwa kung'oka.

Meno mawili ya mbele, yaliyoanza kuoza, aliyapaka dawa ya fedha na floridi. Ni dawa ya kuheshimika. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Huua bakteria na kusimamisha uozo bila kuchimba, lakini palipooza huwa peusi ti. Daktari alinieleza hilo nikakubali. Susu hakuwepo.

Jumapili, kanisani, mtoto akatabasamu. Susu akashika kifua. "Mmemfanya nini mjukuu wangu? Hayo meno yamekufa!" Mchungaji akaombwa kuyaombea.

Mtoto mwenyewe hakuona msiba, aliona biashara. Kutazama meno meusi ikawa shilingi tano, kuyagusa kumi, na shule nzima ina watoto wadadisi. Mapato yote yakaishia kwenye mabuyu.

Nikatumia somo la daktari: kinachomaliza meno zaidi ni kula sukari mara kwa mara, kwani kila mlo wa utamu huleta asidi kwa kama nusu saa, basi anayemumunya kutwa hayapi meno mapumziko. Nikatunga sheria: mabuyu ni mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, na usiku mswaki wenye dawa ya floridi.

Anaitii kikamilifu. Jana baada ya muthokoi alikaa kibarazani akamaliza mfuko mzima, ule mkubwa. Nilipofoka, alinitazama na meno yake mawili meusi, akaniuliza kwa heshima zote ni wapi sheria imetaja kipimo. Susu akasema mtoto ana haki.