Sifa za Black Mamba Iliyochomelewa

Magari yana matangazo, na pikipiki zina wanasiasa wa kuzigawa kila uchaguzi ukikaribia. Baiskeli ya Black Mamba ya hapa Kiminini haina wa kuisemea, hasa ile iliyochomelewa friwili. Leo naisemea mimi, mwenye nayo.

Wasioijua waelewe hivi. Friwili ni kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachoziacha pedali zitulie huku baiskeli ikienda. Kikichakaa ndani, unakanyaga weee na baiskeli imesimama. Friwili mpya ina bei yake; fundi wa kuchomelea ana cheche na huruma. Akimaliza, gurudumu, cheni na pedali ni kitu kimoja, na miguu yako imeingizwa katika ushirika huo bila kuulizwa. "Mwalimu, hii haitaki uvivu," fundi aliniambia akinikabidhi, na sijapata kumsikia muuzaji mwingine akisema ukweli mapema hivyo. Vijana wa London na New York hununua baiskeli za aina hii kwa pesa nyingi, tena mpya. Sisi tunazipata kwa ubovu.

Sifa yake kubwa ni usawa. Barabara ya Kitale kwenda Webuye inapanda na kushuka, na wenye friwili nzima hutegea: wakifika mteremkoni wanatulia, wanapunga mkono, wanasalimia watu. Yangu haijui kutegea. Nimeyahesabu meno yake, 44 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la inchi 28. Kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 5 na ushei. Kutoka Kiminini hadi Kitale, kilomita 15 hivi, ni mizunguko karibu 2,800, uwe unapanda au unashuka, wala hakuna msamaha. Geuka upande wa pili, ushuke kuelekea mto Kamukuywa, ndipo utaiheshimu. Mwendo ukishika kasi si wewe unayezizungusha pedali tena, zinakuzungusha zenyewe. Magoti yanatafuta kidevu, na abiria wa keria, kama unaye, anaanza kutaja watakatifu.

Utauliza breki. Fito zake za chuma ziling'olewa zamani, naamini sasa zinageuza mahindi kwenye jiko la mtu. Badala yake kuna akala. Unapenyeza mguu wa kulia nyuma ya uma wa mbele, unakandamiza soli juu ya tairi, na mpira wa lori unausimamisha mpira wa baiskeli. Wakati huohuo mguu wa kushoto bado unazungushwa. Mmoja unapunguza mwendo, mwingine unauendeleza: serikali ya nusu mkate kabisa. Harufu ya mpira unaoungua huwaonya wapita njia, kwa hiyo kengele nayo si lazima.

Wabaya wake husema ni nzito, kilo 20 na zaidi ikiwa tupu. Huo ni uthabiti. Malori yanayoelekea Lodwar na Sudan Kusini yakipita hapa, upepo wake huzirusha baiskeli nyepesi mtaroni. Yangu huingia mtaroni polepole, kwa heshima. Ukiipakia gunia la mahindi la kilo 90 huipandi tena, unaisukuma, na hata hapo haikusahau: pedali zinaendelea kuzunguka na kukugonga muundi.

Historia iko upande wake. Hadi 1937 mashindano ya Tour de France yaliukataa mtambo wa kubadilisha giri safarini. Tangu yaliporuhusu, dunia imedekezwa. Hata zile baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, zilizoundwa kwa njia za vijijini Afrika, zilianza na giri moja na breki ya kukanyagia nyuma. Sasa kuna zenye giri mbili. Tunakoelekea siko. Nayo serikali, ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka 2008, iliwatoa stejini waendesha baiskeli waliofunga mto juu ya keria, ikawapa vijana wetu mkopo wa kulipa kila jioni. Black Mamba haidai petroli. Inadai uji, nao unaunywa wewe.

Kuibwa? Kuna kijana aliyeiondoa bila ruhusa nje ya posho mill. Alikanyaga vizuri hadi mahali pa kushuka, akataka kutulia alivyozoea. Tulimkuta amekaa kando ya barabara, baiskeli juu yake, akiomba mwenyewe apatikane upesi.

Nikiisahihisha kama insha: kupanda mlima, D, kubeba, A, kushuka, mtahini hakuweza kushika kalamu. Sitaki kuzihodhi sifa hizi peke yangu. Ni shilingi 3,500, maelewano yapo, na anayeichukua namwongezea akala moja, ya kulia.