Shahada ya Kuwa Mbali na Watu

Shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za jamii humwandaa afisa ustawi kuwasaidia watu asiokutana nao. Wengi huisoma jioni, wakitoka kazini. Somo la kwanza halikosi ngazi ya mahitaji ya Abraham Maslow ya mwaka 1943, inayochorwa kama piramidi ingawa mwenyewe hakuichora kwenye makala yake. Chakula kiko chini kabisa, na mhadhiri hukifikia saa moja usiku, darasa zima likinguruma tumbo. Bajeti na maandiko ya miradi hupita haraka. Kazi ni tasnifu. Hojaji hupelekwa kwa mama aliyekuja ofisini kudai matunzo ya mtoto, ambayo Tanzania yamo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Naye huombwa achague kati ya “nakubali sana” na “sikubali kabisa”. Huweka tiki safu moja, juu hadi chini, awahi daladala. Msimamizi huirudisha tasnifu mara tatu kwa sababu ya pambizo. Hatimaye mhitimu hupanda cheo, hupewa kiyoyozi na katibu muhtasi wa kumjulisha mama yule kwamba bosi yuko semina.