Pua Iliyosahauliwa Kisite

Jumanne alasiri, kwenye hitima ya mzee mmoja huko Msambweni, wafiwa walimwacha marehemu wao wakageuka kumliwaza mwandishi wa makala haya. Mzee mwenye kofia ya vito alimshika bega akamwambia, "Subira, mwanangu. Njia yetu sote ni moja." Mwingine akamsogezea kahawa chungu na haluwa. Kijana wa marehemu, ambaye hakuwahi kumwona mgeni huyu hata siku moja, alimkazia macho, kisha akainama sikioni mwa mjomba wake kuuliza kama baba aliacha deni ambalo nyumba haijaambiwa.

Mwandishi hakuwa amelia. Marehemu alikuwa jirani wa binamu wa mkewe, na kilichompeleka kuhani ni adabu tu. Ila ile sehemu ya jicho inayopaswa kuwa nyeupe, kwenye macho yote mawili, ilikuwa damu tupu. Kuanzia kwenye paji la uso hadi juu ya mdomo alikuwa na alama ya duara iliyovilia. Mtu akiingia matangani na uso wa namna hiyo, ama amefiwa kuliko wenye msiba, ama katoka kupigwa. Alipojaribu kueleza kwamba Jumapili alikwenda baharini na familia yake kupiga mbizi, kwa kujifurahisha, walizidi kumwonea huruma. Mmoja alinong'ona kwamba majonzi yana mambo yake.

Basi maelezo yatolewe hapa, mahali ambapo hakuna atakayemkatiza kwa haluwa.

Miwani ya kupigia mbizi si ile midogo ya kuogelea. Hii inafunika macho pamoja na pua, na wengi hudhani pua imewekwa humo ili isiingie maji. Kumbe pua ina kazi. Nchi kavu, hewa inatukandamiza tangu siku ya kuzaliwa na tumeshaizoea hata hatuihisi. Ukiingia baharini, kila mita 10 unazoshuka zinakuongezea mgandamizo mwingine wa kiasi kile kile. Kwenye mita 10 unabanwa mara mbili ya ulivyokuwa ufuoni, na kwenye mita 20 mara tatu. Robert Boyle aliieleza kanuni yenyewe mwaka 1662, na wanafunzi wa fizikia wanaikariri mpaka leo bila kushuku kwamba siku moja itawafika machoni: mgandamizo ukiwa maradufu, hewa hujikunja ikabaki nusu ya ujazo wake. Nyama na damu havijali, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayakunjiki kirahisi. Ndiyo maana paja la mpiga mbizi halisikii lolote. Taabu iko pale penye hewa tu, yaani mapafu, masikio, matundu ya ndani ya fuvu, na hiyo miwani.

Mapafu yana mtetezi. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Jacques Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa ameunda vali ya kuendeshea magari kwa gesi kwa sababu petroli ilikuwa imeadimika. Vali hiyo waliigeuza kuwa kifaa cha mdomoni kinachompa mpiga mbizi hewa yenye mgandamizo ule ule wa maji yanayomzunguka. Ukishuka, hewa inakuja nzito zaidi. Ukipanda, inakuja nyepesi. Mgongoni una mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, ambao ukiufungulia ufuoni ungetoa lita 2,400 za hewa. Mapafu hayatambui hata kidogo kwamba yamehama makazi.

Masikio yana mlango. Kuna kijia kinachotoka kooni hadi nyuma ya kiwambo cha sikio, na ukibana pua ukapuliza taratibu, hewa inapita na kiwambo kinarudi mahali pake. Ujanja huo unaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Mwandishi aliufanya vizuri sana. Kila alipopuliza, sikio lililia "tap", naye akajiona fundi.

Miwani haina mtetezi wala mlango. Ina pua yako tu. Kila unaposhuka, hewa iliyomo inajikunja, lakini kioo hakijui kujikunja pamoja nayo. Mpira wa pembeni unajitahidi kidogo, unauminya uso hadi unafika mfupani, basi, hauna pengine pa kwenda. Kuanzia hapo, hewa ya ndani ya miwani ina mgandamizo mdogo kuliko damu ya aliyeivaa, na bahari inataka pengo hilo lizibwe. Dawa ni kutoa pumzi kidogo kwa puani ili miwani ijae tena. Usipotoa, miwani inakuwa chuku, ile pembe ya mwumikaji, isipokuwa mwumikaji huweka mgongoni na hii imewekwa kwenye mboni. Vishipa vidogo vya jicho vinapasuka kimoja baada ya kingine, bila maumivu. Anayepatwa huendelea kutazama samaki.

Na samaki walikuwepo wa kutazamwa! Kisite, kusini mwa kisiwa cha Wasini, ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1970. Ina kilomita za mraba 28 ambamo hairuhusiwi kuvua hata dagaa, na imepakana na Mpunguti, ambako wavuvi wanaruhusiwa kwa zana za jadi. Wale wa Kisite wanajua wako upande gani wa mpaka: changu hawakimbii, kasa anapita kama mwenye nyumba. Pale kwenye mita 11, mwandishi alisikia mlio ambao hakuutegemea, mtu anatafuna barafu. Alikuwa pono, wa kijani na waridi, mrefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Meno yake yameungana yakawa mdomo wa kasuku, na alikuwa anakwangua matumbawe akiacha michirizi myeupe juu ya jiwe. Anachotaka ni mimea midogo iliyoota humo. Jiwe analolimeza linasagwa kooni na meno mengine, kisha linatoka upande wa pili likiwa unga laini mweupe, wingu zima, mbele ya wageni. Wingu hilo likitua ni mchanga. Sehemu ya ule weupe wa Diani ambao maharusi hupigia picha, wakiuchota na kuumwaga kwa madaha, imepita ndani ya pono. Mwandishi alimfuata samaki huyo kwa hamu ya mtoto, akashuka naye, akapanda naye, akashuka tena, na wala hakuna kilichomwambia kwamba wakati huo huo macho yake yanaumikwa.

Huko chini nyekundu haionekani vizuri. Maji hula rangi hiyo kwanza, mita chache tu kutoka juu inaanza kuwa kijivu. Ndiyo maana kiongozi alimchungulia usoni, akatengeneza duara kwa kidole cha shahada na gumba kumwuliza kama yu salama, akajibiwa kwa duara, na wote wawili wakaendelea na safari yao.

Juu ya boti ndipo nyekundu iliporudi. Mwandishi alivua miwani akatabasamu. Mamamkwe, aliyekaa tezi na kikapu cha mahamri, akasema, "Astaghfirullah," akavua leso moja na kumtupia mkwewe kichwani, kama afunikavyo mtu chungu kisichopaswa kuonekana na wageni. Mwanamke mmoja wa Kijerumani aliomba kupiga picha. Mwandishi, ambaye adabu ya Pwani inamtaka ajisitiri mbele ya mamamkwe, alibaki chini ya leso hadi Wasini, akila kaa wa kupakwa nazi kwa kupapasa.

Mengine ya siku hiyo ni madogo. Binti aliinua dole gumba kumaanisha mambo ni shwari akapandishwa juu papo hapo, kwani chini ya maji dole gumba ni ombi la kupanda. Mvulana alishikwa na kigegezi akatapika ndani ya kifaa cha mdomoni, jambo linalowezekana bila kukivua, na samaki wakaja kushukuru.

Shemeji wa Nairobi alikuwa na tiketi ya ndege ya jioni kutoka Ukunda, na hapo pana habari ya mbuzi. Mpiga mbizi anapovuta hewa nzito, naitrojeni inayeyuka mwilini mwake. Akipanda kwa pupa, au akaenda mahali penye hewa hafifu, inatoka kwa mapovu kwenye viungo na mishipani. Aliyeupima muda wa salama ni John Scott Haldane, kwa niaba ya jeshi la majini la Uingereza. Aliwafungia mbuzi ndani ya tangi la chuma mjini London, akawabana kwa hewa, akawafungulia, akangoja kuona nani atainua mguu wa mbele kwa maumivu. Matokeo aliyachapisha na wenzake mwaka 1908, na majedwali yanayotumika leo yametokana na miguu hiyo. Kwa aliyepiga mbizi zaidi ya mara moja, ushauri ni kungoja saa zisizopungua 18 kabla ya kupanda ndege. Hata basi halina nafuu sana, maana Nairobi yenyewe iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Shemeji akalala Ukunda kwa wakwe, kwa heshima ya mbuzi wa Kiingereza, na kesho yake asubuhi akatumwa sokoni.

Tuje kwenye lile linaloumiza, maana macho hayaumi.

Kabla ya kung'oa nanga Shimoni, mwalimu wa mbizi aliwakusanya wageni omo. Maelezo yalitolewa kwa Kijerumani, marefu, pamoja na michoro. Yakatolewa kwa Kiingereza, marefu vile vile. Upepo wa kaskazi uliyachukua maneno ukayapeleka Tanzania, ila mikono ilionekana: pua iliguswa, mashavu yakajazwa, miwani ikabonyezwa. Kisha mwalimu, mtu wa Pwani mwenye kicheko kizuri, akaja tezi kwa familia akasema, "Nyinyi ni wenyeji. Bahari ni yenu, hamna haja ya maneno mengi. Pumueni kwa mdomo, pua isahauni." Akampa mamamkwe mkono, akauliza habari za nyumbani, akaenda zake.

Mwandishi akaisahau pua. Alitii kuliko Wajerumani wote.

Sifa ya wenyeji ni tamu kuisikia, na ni njia rahisi ya kumnyima mtu kitu. Hawa wenyeji wa bahari ndio wale wale wanaoulizwa na askari wa lango, "Mnakwenda wapi?" wakitaka kufika ufuoni Diani, ambako malalamiko ya njia za umma kuzibwa kwa kuta za watu binafsi yamekuwa wimbo wa miaka mingi Kwale. Hatua chache kutoka gati la Shimoni kuna pango ambamo, kwa masimulizi ya wazee, watumwa walifungiwa wakingoja vyombo. Katika karne ya 19 baadhi ya waliotolewa Afrika Mashariki waliishia Ghuba, wakazamishwa kutafuta lulu kwa kamba na jiwe, pua zimebanwa kwa kibanio. Hawakuvaa miwani, kwa hiyo masikio ndiyo yaliyoteketea. Watu wa mwambao huu wamepiga mbizi kabla ya Cousteau kuzaliwa, na wavuvi wa pweza wanazamia hadi leo. Kwa nini basi somo la usalama liwafikie wageni kwa lugha mbili, na watoto wa pale pale wafikiwe na utani? Fomu aliyoitia sahihi mwandishi, ya Kiingereza, ilisema kwamba ameelezwa hatari zote na amezielewa. Alitia sahihi juu ya kikapu cha mahamri.

Daktari aliyemwangalia Jumatano alisema ataona sawasawa na weupe utarudi baada ya wiki mbili hivi. Alimwuliza pia kama kuna matatizo nyumbani.

Nyumbani hakuna matatizo. Kuna mamamkwe, ambaye Jumatano jioni alimwita binti akae naye jikoni amweleze jambo lote tangu mwanzo. "Bibi," binti akasema huku akikuna nazi, "kila ukishuka kidogo, toa pumzi kidogo puani." Bibi akauliza kama ni hilo tu. Akaambiwa ni hilo tu. Akauliza kama lipo sharti la umri juu ya uzee. Akaambiwa ni cheti cha daktari. Sasa anangoja kusi ipite, maana kuanzia Aprili hadi Septemba bahari ya upande huu haina adabu. Fundi mmoja wa Ukunda ameshampima vazi la stara la kuingilia majini na ameshapokea arubuni. Kinachochelewesha kazi ni kwamba fundi anataka ajulishwe hiyo sherehe ni ya nani, ili ajue kama aweke mapambo shingoni.