Mkono Chini, Mtoto

Nawapongeza walimu wa fizikia wa Meru na Embu ambao, mtoto akiinua mkono, huuliza kwanza: "Hilo litatoka kwenye mtihani?" Wanalinda urithi. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alisema ameona theluji juu ya Mlima Kenya. Cooley, bingwa wa jiografia aliyekaa zake London, akakataa katakata. Watoto wa Embu waliuona weupe huo kila asubuhi mawingu yakiondoka, lakini walikuwa na shahada gani?

Mwaka 1963, huko Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba akaona aiskrimu iliyotiwa kwenye friji ikiwa moto ikiganda kabla ya iliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Darasa likacheka, kama inavyopasa. Aristotle aliwahi kugusia jambo hilo, lakini yeye hakuvaa sare ya shule. Aliyeharibu mambo ni Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam: badala ya kucheka, akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wazima wanabishana.

Hiyo ni friji moja tu. Maabara zetu ziendelee kufungwa kwa kufuli, mpaka mgeni wa wizara aje.