Barua ya Wazi kwa Walimu wa Ufasaha

Kwa Waheshimiwa Waandaaji wa Mafunzo ya Utetezi wa Sera za Watoto Wadogo, Maskati.



Sisi kina bibi wa Mudhaibi tunakushukuruni kwa kututetea miaka yote bila ya kutusumbua kwa maswali. Tunasikia kwenye mafunzo yenu huko hotelini mnafundisha watu kumtazama waziri machoni na kumaliza hoja kabla lifti haijafika ghorofa ya tano. Kwetu lifti ni chache, ndiyo maana maneno yetu marefu.

Lakini tuna lalamiko. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 2023 imekutieni aibu. Imesema riali 10 kila mwezi kwa kila mtoto wa Kiomani, tangu kuzaliwa mpaka miaka 18. Basi! Pale soko la Sinaw, siku ya Alhamisi, mtu anaweza kumweleza mwenzake jambo zima huku kamshika mbuzi pembe, na mbuzi asikimbie. Hapana mchoro, hapana makundi ya majadiliano. Sheria zote zikieleweka hivi, nyinyi mtakula wapi?

Afadhali mambo ya uzazi. Mama ana siku 98 za likizo, baba 7 (siku ya nane, bila shaka, ameshahitimu ulezi). Mama akirudi kazini, Sheria ya Kazi ya mwaka huohuo inampa saa moja kila siku ya kumwangalia mwanawe, kwa mwaka mzima. Saa njema, kwa anayeishi mlango wa pili na ofisi. Anayelala Mudhaibi na kuajiriwa Ibra saa yake inaishia barabarani, na mtoto anabaki kwa bibi, ambaye hana likizo wala saa.

Maneno hayo yangetosha kumfikia waziri. Hayakumfikia, kwa sababu anayeyajua alikuwa nyumbani anabembeleza mtoto, na aliyekaribishwa hotelini alikuwa anajifunza pa kuvuta pumzi.

Basi mafunzo yajayo yaleteni Sinaw, Alhamisi asubuhi. Kila mshiriki apewe mtoto mmoja wa kubeba tangu chai ya asubuhi, na cheti apate yule atakayeweza kusema anachokitaka kwa serikali huku mtoto analia.

Sisi letu tunalisema sasa hivi: tunataka kituo cha kulelea watoto karibu na wanapofanya kazi mama zao, kwa ada isiyomaliza zile riali 10.

Wasalaam,
Kina Bibi wa Mudhaibi

Nakala: Mheshimiwa Wali