Mahari ya Dola Moja

Mwaka 2015 Millicom, wenye mtandao wa simu wa Tigo, walimposa mshindani wao Zantel, mwari wa Zanzibar. Mahari waliyowapa Etisalat, wenye Zantel wa wakati huo, kwa asilimia 85 ya hisa ilikuwa dola moja ya Marekani. Msicheke, mwari alikuja na madeni ya dola milioni 74, na mposaji ndiye aliyejitwisha. Asilimia 15 zikabaki kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Ndoa yenyewe haikukawia kuingia mitala ya majina. Mwaka 2022 mume akauza nyumba nzima, na mke ndani, kwa kundi lililoongozwa na Axian wa Madagascar. Mwaka 2024 ukaja ubao mpya badala ya Tigo na Zantel: Yas.

Nenda Darajani, Zanzibar, ukale urojo, kisha uliza bei na namba ya kulipia.

“Bi mkubwa, nikurushie kwa Yas?”

“Yas sinayo, mwanangu. Mie niko Zantel. Andika sufuri, saba saba saba...”

Pesa inaingia, anaitazama simu, anaguna, anaongeza bajia.

Basi pakeni rangi mtakayo. Jina jipya ni lenu mliolilipia. La zamani tulipewa bure.