Shemeji na Herufi M

Watu wa nyumbani kwangu wakitaka kuingia Wikipedia huandika kwanza "google" kule juu, kwenye upau wa anwani. Google ikifunguka, wanaandika "wikipedia". Wikipedia nayo ikija, ndipo wanaanza kuulizana, hivi tulikuwa tunatafuta nini? Nikisema upau huohuo unatafuta wenyewe, na kwamba Chrome ilikuja nao hivyo tangu 2008, naambiwa nina maneno mengi.

Mimi sizunguki. Nikitaka Wikipedia ya Kiswahili naandika w, naacha nafasi, naandika Mirambo, nabonyeza Enter, nimefika. Kamusi ni k. Ramani ni m. Vifupisho hivi nimevipanga mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari, panapokaa mambo ya injini za utafutaji. Unajaza jina la tovuti, herufi unayoitaka, na anwani ya ukurasa wa majibu. Ila ndani ya anwani hiyo unafuta neno ulilolitafuta na kuweka %s.

Hapo ndipo watu wanaponikimbia. Hiyo %s inashika tu nafasi ya neno utakaloandika baadaye, lakini jamaa wa meza ya pili ofisini aliniuliza ni asilimia ngapi. Simlaumu. Jambo lenye manufaa kiasi hiki limefukiwa chini kabisa ya mipangilio, kisha limefungwa kwa alama ya mafundi! Firefox angalau ina huruma: unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe, unaongeza kifupisho chako, asilimia huioni.

Lakini kero yangu kubwa ni wageni. Juzi shemeji alipita kutusalimia, akaomba laptopu aangalie makato ya kutuma pesa. Macho yakiwa kwenye vitufe, akaandika "m pesa makato", kwa nafasi, kama nusu ya nchi inavyoandika. Kivinjari kiliona m, kikaona nafasi, kikampeleka kwenye ramani. Yeye anataka makato, mbele yake kuna vibanda vya mawakala vimetapakaa mjini.

"Shemeji, hii laptopu imelogwa?"

Nikamweleza kwamba m ni ramani.

"Sasa si ungeweka r?"

"R nilishaipa redio."

Akanitazama kama niliyemtegea mtego. Mpwa wangu, ambaye hakuulizwa, akadakia kwamba Chrome ina mahali pa kuchagua kifupisho kiamke kwa kitufe cha Tab peke yake, nafasi isikiamshe. Najua. Ila kwa nini kidole changu kihangaike kufuata Tab kutwa nzima, kwenye laptopu yangu, kwa ajili ya mtu anayekuja Jumapili kunywa chai? Mwenye nyumba hahamishi kitanda kwa sababu mgeni kajigonga mguu.

Mke wangu akasema huo ni uchoyo. Yeye, nawakumbusha, ndiye kiongozi wa wale wanaoandika "google" ndani ya Google.

Jumapili iliyofuata shemeji akaja tena. Kabla hajagusa kitufe chochote akauliza kwa adabu, "Shemeji, leo herufi gani ni salama?"

Nikamwambia aanze na q. Bado anatafuta neno.